Nafanya kazi Zambia, nyumba na shamba viko Mbeya: ritani ya kodi napeleka wapi?

#1 Ilomba_Juu

Wakuu, mwagonile.

Niende kwenye mada. Nimeajiriwa kwenye mgodi wa shaba upande wa Solwezi, Zambia. Mshahara wangu ni wa kwacha na PAYE inakatwa kule kule kabla sijauona. Mke na watoto wapo Ilomba kwenye nyumba yetu. Uyole nina nyumba nyingine nimepangisha shirika moja wanaitumia kama ofisi, na Rungwe nina parachichi ambazo sasa zimeanza kuleta hela ya maana.

Nyumbani nakuja Desemba na vipande vipande vya likizo. Nusu mwaka haifiki hata kidogo. Kwa hiyo mimi najihesabu si mkaazi kwa mambo ya kodi. Nilichosikia ni kwamba asiye mkaazi anatozwa kwa kile kinachotoka Tanzania tu, basi mshahara wa Zambia hauwahusu TRA. Nimeelewa sawa? Na hiyo ritani (fomu ya kueleza mapato na kodi ya mwaka) mtu aliye nje anaipelekaje? TIN ninayo, ila niliichukua kipindi cha leseni ya udereva, sijawahi kuigusa tena.

Wenye uelewa tafadhali. Wa matusi wapite kimya kimya.

#2 Mzee_wa_Makambako

Kijana, umeshakatwa Zambia. Unataka ukatwe tena? Nyamaza ule parachichi zako.

#3 Kihesa_Kwetu

Nyumba si inalipiwa kwenye LUKU siku hizi? Mimi kila mwezi nikinunua umeme naona wamekata 1,500. Sasa ritani ya nini tena?

#4 Hesabu_Mwanjelwa

Kihesa, hiyo ya LUKU ni kodi ya jengo. Inakatwa kwa sababu jengo lipo na limesimama, hata kama unaishi mwenyewe na bibi yako bure. Haina uhusiano na kodi ya mapato unayopata ukipangisha. Watu wengi sana wanachanganya hapa, na ukiwauliza wanakuonyesha risiti ya umeme kwa kujiamini kabisa.

Sasa mwenye uzi. Umeanza na hitimisho halafu ukauliza maswali. Umesema "najihesabu si mkaazi". Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, haimwachii mtu ajihesabu mwenyewe. Na kwa maelezo yako hayo hayo, naona wewe ni mkaazi.

Usishtuke, nitaeleza. Ila kwanza futa kichwani vitu viwili: uraia na pasipoti. Mtanzania anaweza kuwa si mkaazi, na Mchina aliyekaa Mafinga anaweza kuwa mkaazi.

#5 Kipengere

Hesabu acha kumtisha mwenzio. Dunia nzima inajulikana ni siku 183. Hajafikisha, si mkaazi. Imeisha hiyo.

#6 Hesabu_Mwanjelwa

Haijaisha, Kipengere. 183 ni mlango mmoja, na nyumba hii ina milango kadhaa. Ukipita wowote umeshaingia.

Mlango wa kwanza ndio huo ambao kila mtu anaujua: umekuwepo nchini jumla ya siku 183 au zaidi ndani ya mwaka wa mapato. Si lazima zifuatane.

Wa pili unawanasa watu wa mipakani na wale wa kuja na kuondoka. Umekuwepo mwaka huu, na miaka miwili iliyotangulia nayo ulikuwepo, na wastani wa siku zako kwa mwaka umezidi 122. Chukua mtu aliyekaa siku 130 mwaka juzi, 125 mwaka jana, 120 mwaka huu. Hakuna mwaka hata mmoja aliokaribia 183. Jumla ni 375, gawa kwa tatu ni 125. Mkaazi huyo.

Wa tatu ndio wa Ilomba_Juu, na huu hauhesabu siku kabisa: una makazi ya kudumu Tanzania na umekuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka. Sehemu yoyote. Mke yupo Ilomba, watoto wanasoma hapo, nyumba ni yako, kitanda chako kipo, Desemba unakuja kula mpunga wa Kyela. Utamwambia nini ofisa akikuuliza makazi yako ya kudumu ni wapi? Kambi ya mgodi?

Upo na mlango wa watumishi wa serikali waliotumwa nje, lakini huo hautuhusu.

Mkaazi anatozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Asiye mkaazi anatozwa kwa yenye chanzo Tanzania tu. Ndiyo maana nasema swali la ukaazi lijibiwe kwanza, mengine yote yananing'inia hapo.

#7 Ilomba_Juu

Duh. Kwa hiyo mshahara wa Solwezi unaingia kwenye ritani ya Mbeya? Na wameshanikata kule! Zambia wakifika juu ni asilimia 37, sasa hapa na 30 yenu, nabaki na nini?

#8 Mzee_wa_Makambako

Nilikwambia unyamaze.

#9 Hesabu_Mwanjelwa

Mzee, shikamoo, lakini ushauri wako utamgharimu kijana wa watu. Nyumba ya Uyole imepangishwa na shirika. Shirika linakata kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kwenye pango kabla hujalipwa, na kuipeleka TRA likiwa limeandika jina la mwenye nyumba. Yaani tayari wanamjua. Kunyamaza kunafanya kazi kwa mtu ambaye hajaandikwa popote.

Ilomba, hukatwi mara mbili kwa namna unavyofikiri. Unaingiza mshahara wa Zambia, halafu unadai nafuu ya kodi uliyolipa nje, yaani inapunguzwa kwenye kodi unayodaiwa hapa. Nikupe hesabu ya kubuni, namba si zako.

Tuseme mshahara wa Zambia ukiugeuza ni shilingi milioni 60 kwa mwaka, na kule umekatwa milioni 18. Parachichi, baada ya kutoa mbolea, vibarua na dawa, zimekuachia milioni 6. Jumla milioni 66.

Viwango vya mkaazi kwa mwaka: milioni 3.24 za kwanza hazitozwi, kisha inapanda asilimia 8, 20, 25, na ukivuka milioni 12 ni asilimia 30 kwa kinachozidi. Kodi ya zile milioni 12 za mwanzo ni 1,536,000. Zinazobaki milioni 54 kwa asilimia 30 ni 16,200,000. Jumla 17,736,000.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanatoa 18 kwenye 17.7 na kusema sidaiwi. Hapana. Nafuu ina dari. Unatafuta wastani wa kiwango chako: 17,736,000 kwa 66,000,000, kama asilimia 26.87. Wastani huo unauzidisha na mapato ya nje pekee, milioni 60, unapata 16,123,636. Hiyo ndiyo nafuu ya juu kabisa unayoruhusiwa mwaka huo. Unabaki unadaiwa 1,612,364, ambayo ukiitazama vizuri ni sehemu ya parachichi. Ile 1,876,364 iliyozidi kule Zambia haipotei, unaibeba kwenda miaka inayofuata.

Kwa hiyo mshahara wa Solwezi haukuongezei kodi ya moja kwa moja, ila unazisukuma parachichi kwenye kiwango cha juu. Bila mshahara, milioni 6 za shamba zingeangukia kwenye ile asilimia 8.

#10 Kipengere

Hapo kwenye dari nimekuelewa. Nafuta kauli ya "imeisha hiyo".

Ila swali: kwa nini asitumie ule mfumo wa wafanyabiashara wadogo kwa parachichi? Mauzo hayafiki milioni 100.

#11 Hesabu_Mwanjelwa

Ule ni wa mkaazi ambaye mapato yake ni ya biashara yenye chanzo Tanzania pekee. Ukishakuwa na mshahara wa Zambia umetoka. Na watu wa taaluma, washauri na wengineo nao hawaruhusiwi.

Hata ile nafuu ya kutopeleka ritani kabisa haimgusi. Ile ni ya mtu ambaye mapato yake yote ni mshahara wa mwajiri aliye mkaazi hapa anayemkata PAYE. Mwalimu wa Tukuyu asiye na kingine, sawa. Mwajiri wa Ilomba yupo Zambia.

#12 Dereva_Tunduma

Mimi nasoma tu lakini nimepata joto. Tunduma na Nakonde ni mtaa mmoja, mtu anakunywa chai huku anakula mchana kule. Huo wastani wa 122 utatumaliza. Na wengi hatugongi pasipoti, tunavuka na vile vibali vya muda.

Ushauri wangu kwa mwenye uzi: tunza kila karatasi ya kuvuka. Pasipoti ikijaa usiitupe. Siku ukitakiwa kuonyesha ulikuwa wapi, maneno hayatoshi.

#13 Ilomba_Juu

Ndaga fijo, Hesabu. Na Dereva pia.

Na ile ya Uyole? Shirika wananikata asilimia 10 kila wanapolipa pango. Hati zao ninazo kwenye droo.

#14 Hesabu_Mwanjelwa

Asilimia 10 ni ya mkaazi. Asiye mkaazi anakatwa 15. Kama wewe ni mkaazi, wako sahihi na hati zako zitunze. Unaona sasa: ungewaandikia barua kwamba wewe si mkaazi, kama ulivyoanza uzi, ungeanza kukatwa 15 mwenyewe kwa hiari yako. Watu wanadhani kuwa nje ni punguzo.

#15 Bibi_wa_Njombe

Kamwene wanangu. Mjadala mzuri, nimeufuata tangu asubuhi. Mimi ni kinyume cha Ilomba: mwili upo Njombe, pato lipo Uingereza.

Nilifanya kazi kule miaka mingi, nikarudi na pasipoti yangu ya Tanzania. Niliacha kijumba Reading, kimepangishwa kupitia wakala. Kwa Waingereza mimi sasa si mkaazi, na wao wana utaratibu wao wa wenye nyumba walio nje. Wakala anatakiwa akate asilimia 20 ya pango baada ya matumizi na kuipeleka HMRC, mamlaka yao ya kodi, isipokuwa umeomba na kukubaliwa kupokea pango zima. Kukubaliwa hakumaanishi huna kodi. Kunamaanisha utailipa mwenyewe kwa ritani.

Jambo lililoniuma ni lile fungu la pauni 12,570 ambalo wenyewe hawatozwi. Asiye mkaazi halipati hivi hivi. Mwenye pasipoti ya Uingereza analo. Mtanzania, kwa kuwa hatuna mkataba wa kodi na Uingereza (ule wa nchi mbili kuzuia mtu kutozwa mara mbili), hana. Unatozwa bila fungu hilo. Nimeona watu kwenye makundi ya WhatsApp wakiambizana kwamba pango likiwa dogo hakuna kodi. Inategemea pasipoti gani ipo kwenye kabati lako. Kwa hiyo Hesabu, kule kwetu uliposema pasipoti ifutwe kichwani, kwa Uingereza nairudisha kidogo.

La pili, mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 6 Aprili na kuishia 5 Aprili. Wetu ni Januari hadi Desemba. Kila mwaka napasua pango vipande viwili ili lienee kwenye ritani zote mbili.

La tatu, asiye mkaazi hawezi kutumia ile huduma ya bure ya HMRC ya mtandaoni. Kuna kurasa za ziada za ukaazi, SA109, na mfumo wao wenyewe hauzibebi. Ama unanunua programu ya kampuni nyingine na kuwasilisha kabla ya 31 Januari, au unatuma karatasi, na za karatasi mwisho ni 31 Oktoba. Kwa barua ya kutoka Njombe, mtu mwenye akili anatuma Agosti. Ukichelewa hata siku moja ni pauni 100, hata kama hudaiwi chochote.

Halafu hapa nyumbani mimi ni mkaazi, basi lile pango la Reading linaingia kwenye ritani yangu ya TRA, na kodi ya Uingereza naidai kama nafuu. Kukosa mkataba hakuzuii nafuu hiyo. Imo kwenye sheria yetu yenyewe.

#16 Hesabu_Mwanjelwa

Mama, shikamoo. Nimekubali kurekebishwa kuhusu pasipoti. Na asante kwa hilo la mwisho, kuna wahasibu hapa mjini wanaowaambia wateja kwamba bila mkataba hakuna nafuu.

#17 Nesi_Leeds

Mimi je? Nipo Leeds, nafanya kazi huku, nyumba yangu ipo Gangilonga Iringa na nimeipangisha yote. Sina sehemu nyingine nyumbani, nikija nalala kwa dada.

#18 Hesabu_Mwanjelwa

Dada, wewe ndiye asiye mkaazi wa kweli kwenye uzi huu. Nyumba aliyokaa mpangaji si makazi yako. Kama hukai siku za kufikisha ile milango mingine, kwa Tanzania unatozwa kwa pango la Gangilonga tu, na anayekata kwako anatakiwa kukata 15, si 10. Mjulishe.

#19 Bibi_wa_Njombe

Na kwa Uingereza wewe ni mkaazi, mwanangu, kwa hiyo Gangilonga inaingia kwenye kurasa za mapato ya nje za ritani yako ya kule, ukionyesha kodi uliyokatwa Tanzania. Pango lote likiwa chini ya pauni 1,000 kwa mwaka lina msamaha wake, likizidi hapo ulieleze. Wale waliozoea kusema "hela ya nyumbani sijaileta Uingereza kwa hiyo sitozwi", mlango huo ulifungwa tarehe 6 Aprili 2025. Siku hizi ni wageni wapya tu wenye nafuu ya miaka minne.

#20 Mtoto_wa_Lugalo

Samahani kwa kudandia. Nipo Iringa mjini, naandika programu kwa kampuni ya Marekani. Sijawahi kukanyaga Marekani. Wananilipa dola. Walinitumia fomu ya W-8BEN nijaze. Je, mapato yangu si ya Marekani? Chanzo si kipo kule?

#21 Hesabu_Mwanjelwa

Chanzo cha kazi ya mikono na akili ni pale ulipokaa ukiifanya. Umekaa Iringa, pato ni la Iringa. Marekani nao wanasema hivyo hivyo: huduma iliyofanywa nje ya Marekani na mgeni si pato la Marekani. W-8BEN unawaambia tu kwamba wewe si wao. Ijaze, uisaini, uwarudishie, vinginevyo wanaweza kukukata bila sababu.

Ukiwa na chaneli ya video ni hadithi nyingine. Pale mapato yanayotokana na watazamaji walio Marekani yanakatwa asilimia 30, kwa sababu hatuna mkataba nao. Watazamaji wa Iringa na Nairobi hawahusiki.

Kwa TRA wewe ni mfanyabiashara. TIN ya biashara, makadirio ya kodi ya mwaka, ritani. Mteja kuwa mbali hakubadilishi kitu.

#22 Kyela_Boda

Na sisi wa Kasumulu tunaouza Malawi?

#23 Hesabu_Mwanjelwa

Malawi hatuna mkataba nao. Kama mzigo unauzia upande huu na duka lipo huku, ni pato la huku. Ukifungua duka Karonga, fungua uzi wako.

#24 Ilomba_Juu

Nimerudi. Wakati mnaongea nimepata kusikia kwamba Zambia na sisi tuna mkataba. Sasa huo haunitoi kwenye ukaazi wa hapa?

#25 Hesabu_Mwanjelwa

Upo, wa mwaka 1968. Mzee kuliko reli ya TAZARA, maana reli walianza kuijenga 1970. Nchi nyingine tulizo nazo ni Afrika Kusini, India, Kanada, Italia, Norwe, Uswidi, Denmaki na Ufini. Ndiyo maana nilikuwa nauacha kwa makusudi: watu wakisikia mkataba wanaacha kusoma sheria.

Mkataba unakuja kazini pale nchi zote mbili zinapokuita mkaazi wake. Na kwako hilo linawezekana kabisa, kwa sababu Zambia nao wana siku 183 zao na wewe unazipita. Hapo ndipo unauchukua, unasoma kipengele cha ukaazi na cha ajira, ukiwa na mtu wa kodi pembeni, si kwenye simu ndani ya basi la Tunduma. Familia, nyumba na mali yako vipo Mbeya, usitegemee muujiza.

Unachohitaji kwa vyovyote: hati za mshahara za mwaka mzima na uthibitisho wa ZRA, mamlaka ya kodi ya Zambia, wa kodi iliyokatwa kule. Bila karatasi ya ZRA, ile hesabu ya nafuu niliyokuandikia ni hadithi tu. Iombe ukiwa bado kazini, mtu akishaacha kazi mgodini, ofisi ya mishahara inamsahau.

#26 Ilomba_Juu

Sawa. Na kwa kuwa TIN yangu ni ya leseni?

#27 Hesabu_Mwanjelwa

Namba inabaki hiyo hiyo, mtu ana TIN moja. Unaenda ofisi ya TRA ya mkoa, au kwenye tovuti yao, unaibadilisha kutoka isiyo ya biashara na kuingiza vyanzo vyako. Usifungue nyingine.

Baada ya hapo tarehe zako ni hizi. Makadirio ya mwaka kabla ya 31 Machi, na kodi ya makadirio unailipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwaka uliokwisha, mwisho 30 Juni. Zambia ritani zao za mwaka ni 21 Juni, kwa hiyo ukitakiwa kupeleka na kule, mwezi wa sita kwako hauna likizo. Ukichelewa ritani hapa, faini inahesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Kumbukumbu zako zihifadhi angalau miaka mitano.

#28 Mzee_wa_Makambako

Hesabu, nina mashamba ya miti Mufindi na kijana wangu yupo Kanada ananitumia hela ya kuyahudumia. Hiyo hela ni pato langu?

#29 Hesabu_Mwanjelwa

Mzee! Si ulisema tunyamaze?

#30 Mzee_wa_Makambako

Nimeuliza tu.

#31 Hesabu_Mwanjelwa

Mtoto akimtumia baba yake hela ya matumizi, hiyo si biashara. Lakini kama miti ni ya kijana na wewe ni msimamizi, siku ya kuvuna mauzo ni yake, na yeye ndiye atakayeulizwa, huku kwa kuwa miti ipo Mufindi na Kanada kwa kuwa yeye ni mkaazi wao. Muandikiane sasa miti ni ya nani, kabla mnunuzi wa mbao hajafika.

#32 Ilomba_Juu

La mwisho kwangu. Kwacha zangu nazigeuza kwa kiwango gani? Kile cha wabadilishaji wa Tunduma au cha benki?

#33 Hesabu_Mwanjelwa

Cha Benki Kuu ya Tanzania, cha tarehe ulipolipwa. Andaa jedwali la miezi kumi na mbili: tarehe, kwacha, kiwango, shilingi, kodi iliyokatwa. Ukilileta hivyo Mwanjelwa, kazi ni ya asubuhi moja.